Benchi hii ni deni: maneno kwa vijana wa Mulongo

Maneno yaliyosemwa na mwanamemba wa mwendo wetu wa raia mbele ya vijana, wazazi na walimu, Mulongo, jimbo la Haut-Lomami. Tunayatia hapa sawa alivyoyasema.



Wameniomba niseme juu ya zile video za mbao. Naona kule nyuma wengine wanacheka tayari. Chekeni, hakuna shida. Miye mwenyewe nilikuwa wa kwanza kucheka. Lisansie wa usimamizi, ametoka Kamina na diploma ndani ya plastiki, sasa anapiga misumari mbele ya telefone. Shangazi yangu aliniuliza mbele ya watu: «Ulisoma miaka yote ile paka juu ya kuja kutengeneza mulango?» Sikupata jibu siku ile. Leo pia jibu langu si refu sana, lakini nitajaribu.

Ilianza na mulango wa mama. Si kwa mwendo, si kwa siasa, si kwa maendeleo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kisha kuweka dosie zangu fasi nyingi, na nilikuwa nangojea telefone ilie. Telefone haikulia. Mvua ikaanza kunyesha, na mulango wa nyuma wa mama ulikuwa umeliwa na muchwa pale chini, kiasi cha kiganja. Maji yaliingia, panya waliingia, na usiku mama alikuwa anasukumia kinu pale ili mulango usifunguke. Mama mujane kulala akisukumia kinu mulangoni, mutoto wake mwanaume akilala chumba cha pili na diploma. Niliona haya.

Nilikata ile sehemu iliyooza, nikatafuta ubao mumoja wa mulombwa uliobaki kwa jirani, nikaupachika pale chini. Mulombwa ule moyo wake mwekundu muchwa hawaupendi, wazee wetu wote wanajua. Kisha nikaweka mawe mapana kwenye kizingiti ili maji yasikae. Bawaba za chuma sikuwa na makuta ya kuzinunua, nikakata mpira wa tairi ya gari ya zamani, vipande vitatu, nikavipigilia. Mulango ukafunga. Yaya yangu iko Lubumbashi, akasema: tuma nione. Nikachukua telefone, nikaisimamisha juu ya kopo la maziwa, nikaeleza kidogo kwa Kiswahili, kidogo kwa Kiluba juu ya mama asikie. Dakika moja na sekunde chache. Nikatuma ndani ya grupu ya jamaa.

Kisha juma mbili, ile video ikanirudilia kutoka kwa mutu wa Malemba-Nkulu nisiyemujua, ananitumia miye mwenyewe, anasema: «Ndugu, angalia huyu kijana, bawaba za tairi, ni mawazo mazuri.» Nilicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Basi nikaendelea. Nilifanya ya kiti kilicholegea. Nilifanya ya ukuta wa matofali mabichi unaoliwa na mvua pale chini: wengi wetu tunapaka udongo kila mwaka fasi ile ile, na kila mwaka mvua inauondoa, juu ya sababu haiko kwenye ukuta, iko kwenye paa. Majani ya paa yakiwa mafupi, maji yanaanguka karibu na ukuta, yanaruka, yanakula udongo. Ongeza paa mbele kiasi cha mukono mumoja, chimba mufereji mudogo, weka mawe kwenye musingi, kisha njo upake. Hakuna jambo kubwa pale. Lakini watu walipenda, walituma, waliuliza maswali.

Sasa nije kwenye benchi, juu ya hiyo njo imetuleta hapa.

Munajua hali ya shule zetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ni ya bure ndani ya shule za serikali. Miaka kumi na tatu ilipita juu ya karatasi. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ikaanza kuitia kwenye matendo, na watoto wakaja. Waliojaa ndani ya darasa ni wale wale waliokuwa wanabaki nyumbani ao kwenda kuuza samaki pembeni ya Lualaba. Ni jambo zuri, siye hatulilii jambo hilo. Lakini mutoto aliongezeka, benchi haikuongezeka. Katika shule moja hapa, sitaitaja jina, niliona batoto wa mwaka wa pili wanaandika wakilala tumbo juu ya sakafu ya udongo. Mumoja alikuwa anakuja na tofali lake la kuikalia. Asubuhi analeta, mangaribi anarudisha, juu ya akiliacha, linaibiwa. Tofali! Kuna mutu anaiba tofali la mutoto.

Nyuma ya darasa kulikuwa rundo la benchi zilizovunjika. Nilizihesabu: arobaini na moja. Nikauliza direktere kama naweza kuzigusa. Akasema: «Hata leo.»

Hapa nitasema jambo ambalo silipendi kulisema, lakini kama silisemi, maneno yangu mengine yote hayana maana.

Benchi yangu mpya ya kwanza niliijenga vibaya. Nilikuwa nimeangalia video za watu wa Marekani na Ulaya, wenye mashini ya kukata, umeme hauzimiki, mbao zao zinatoka dukani zikiwa zimekauka na kunyooka sawa rula. Miye nilichukua mbao mbichi, zilizopasuliwa juma ile ile. Nikapiga misumari mingi, miguu mine, ubao wa kuikalia, ubao wa kuandikia. Ilikuwa inapendeza. Nikaifanyia video, nikasema kwa sauti ya mwalimu mukubwa: «Benchi ya watoto watatu, kwa saa nne tu.» Ile video ilitembea kuliko zote. Ilifika Bukama, ilifika Ankoro, ilifika Kamina.

Kisha mwezi mumoja na nusu benchi ilianguka. Haikuanguka chini moja kwa moja, ililala upande, pamoja na watoto watatu. Mutoto mwanamuke mumoja alipasuka mukono na musumari, hapa, chini ya kiwiko. Walimushona. Nilienda kwao jioni, na babake hakunitukana. Aliniwekea kiti. Ningependa angenitukana.

Na wakati niko kwenye kile kiti nilikuwa nawaza kitu kimoja: video. Benchi yangu ilikuwa moja, ningeweza kuivunja ikawa kuni. Lakini video ilikuwa ndani ya telefone za watu nisiowajua, kwenye vijiji nisivyovijua, na kila mutu aliyeifuata alikuwa na benchi inayongojea siku yake ya kulala upande. Video huwezi kuiita irudi nyumbani. Mutu akishaituma kwa mwingine, si yako tena.

Kesho yake nilifanya video ya pili. Sikuweka muziki, sikujieleza sana. Nilionyesha benchi iliyovunjika, nikaonyesha tundu la musumari jinsi lilivyopanuka, nikasema: ile niliyowafundisha ni mbaya, imeumiza mutoto, yeyote aliyeijenga aitoe darasani leo, atie viungo hivi na hivi. Niliomba kila mutu aliyetuma ya kwanza atume na hii. Rafiki zangu wawili walinishauri niinyamazie tu, juu ya watu watasema lisansie hajui hata kiti. Walisema kweli, walisema. Lakini mwalimu mumoja wa upande wa Bukama aliniandikia: alikuwa amejenga benchi nne vile vile, mbili zilikuwa zimeanza kucheza, amezitoa. Nne mara watoto watatu. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo niseme sasa vile inavyofaa, polepole, na vijana wa mikono waandike.

Ubao mubichi una maji ndani. Ukikauka unapungua na kujikunja, na musumari ulioingia ukiwa umebanwa unabaki ndani ya tundu kubwa, sawa muguu ndani ya kiatu cha baba. Kwa hiyo mbao zipangwe kwanza: chini ya kivuli, si juani, juu ya jua inapasua ncha. Zisiguse udongo. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya kimo kimoja ili upepo upite, na juu kabisa weka mawe mazito ili zisijikunje. Mutu aliyenifundisha, nitamusema sasa hivi, anaziacha wakati wote wa ukavu, tangu Mei mpaka Septemba. Ukigonga ubao mukavu unalia, mubichi unanyamaza.

La pili: mutoto haikalii benchi sawa gunia la muhogo. Anaitikisa. Anasukuma mwenzake, anaegemea nyuma, anakimbilia kengele. Nguvu inayovunja benchi haitoki juu, inatoka pembeni. Na umbo la pembe nne, hata ulipige misumari mia, linaweza kulala upande. Jaribuni na vijiti vine na kamba hapo chini, mutaona. Tieni kijiti cha tano kukatiza pembe, halilali tena. Benchi yangu ya kwanza haikuwa na ule ubao wa kukatiza. Ubao mumoja! Ningeutia, mutoto yule hangeshonwa.

La tatu: viungo. Musumari hapa Mulongo unatoka mbali. Reli ilifika Bukama mwaka wa 1918, na mpaka leo vitu vyetu vingi vinapita pale, vinashuka na mashua juu ya Lualaba, na kila mukono unaovigusa unaongeza bei. Lakini kiungo kizuri hakihitaji musumari. Unachonga ncha ya ubao mumoja iwe ulimi, unatoboa ubao mwingine tundu la kipimo kile kile, unaingiza, kisha unatoboa tundu dogo kukatiza vyote viwili na kupigilia kigingi cha mubanga mukavu. Kinakamata. Kazi yake ni ndefu, benchi moja siku mbili badala ya saa nne, ndiyo. Na ile saa nne yangu mumeona ilizaa nini.

Miguu ya chini, muchwa. Wengi wanapaka mafuta machafu ya moteri. Sawa, lakini paka kwenye miguu tu, kiasi cha kidole juu ya udongo, usipake fasi mutoto anaweka mukono ao mukate wake. Ni sumu. Mafuta yakikosekana, weka kila muguu juu ya tofali la kuchoma, na kila juma mosi mutu aangalie kama muchwa wamejenga ile njia yao ya udongo, aivunje. Muchwa bila njia hafiki.

Kipimo: si kila mutu ana mita. Zamani nilikuwa napima na kiganja mbele ya telefone, mpaka nikaelewa viganja si sawa. Sasa natumia kamba yenye mafundo, na naonyesha kamba pembeni ya karatasi ya daftari ya shule. Daftari iko kila kijiji.

Sasa huyu aliyenifundisha. Kisha benchi kuanguka, nilikuwa nangojea watu wacheke. Aliyekuja ni muzee mumoja fundi wa mbao, munamujua wote, hakupenda jina lake lipite kwenye intaneti, kwa hiyo nitamuita tu Muzee. Alikuja na hasira ya siku nyingi. Si juu ya benchi. Alisema: «Weye kijana, muko munaua kazi yangu. Mulango munatengeneza bule, kiti bule, kisha munaonyesha kila mutu namna ya kufanya. Miye nitakula nini? Video?»

Wandugu, pale nilipata somo ambalo sikulipata Kamina. Siye tulikuwa tunajisifu kwamba tunatumikia watu bila malipo. Hatukuuliza bule yetu inatoka ndani ya sahani ya nani. Ndani ya muji mudogo sawa huu, fundi mumoja wa mbao analisha nyumba mbili tatu. Kijana aliyesoma, anayelishwa na mama yake, anaweza kutoa kazi bule. Muzee hawezi.

Tulikaa naye mpaka usiku. Tulisikilizana hivi: nyumba za watu binafsi, mutu akituita, tunamupeleka kwa Muzee; siye tunashika shule na kituo cha afya peke yake, na mama mujane asiye na kitu; na hata kule, siku za viungo Muzee anakuja na analipwa, kidogo, lakini analipwa, kutoka kwenye michango yetu. Na video sasa ni mikono yake munayoiona, miye nashika telefone. Maulizo ya kazi yanamufikia yeye. Juzi alipata kazi ya milango sita kutoka kwa mutu aliyemuona kwenye telefone akiwa Manono. Sasa anajua kusema «punguza ukubwa wa video, mega ni bei nguvu» kuliko miye.

Na Muzee njo aliyenionyesha kiti cha wazee. Kipona. Kile kiti cha chifu kinachobebwa juu ya kichwa na mikono ya mwanamuke, kimechongwa na shoka ndogo kutoka kwa muti mumoja, hakuna musumari, hakuna kiungo hata kimoja. Kaskazini yetu, upande wa Buli, kulikuwa fundi ambaye jina lake halikuandikwa na waliochukua kazi zake. Wazungu wanamuita tu Fundi wa Buli. Kiti cha mukono wake kiko leo katika nyumba kubwa ya makumbusho, Metropolitan, kule New York. Niliona picha yake kwenye telefone hii hii. Watu wanalipa tiketi kuingia kuangalia kiti kilichochongwa na babu wa huku kwetu, na mujukuu anaandika akilala tumbo.

Sitaki kuzidisha. Kipona ni kiti cha ufalme, si cha mutoto wa mwaka wa pili. Lakini mutu akiniambia tena kwamba kazi ya mbao si ya mutu aliyesoma, nitamutumia ile picha.

Tuseme pia juu ya miti yenyewe, kwa kifupi. Mumesikia habari za mukula. Miaka ile ya 2016 na 2017 muti ule ulitoka Katanga ya kusini kwa malori, ukavuka Zambia, ukaenda Asia kwa ajili ya viti vya watu wenye makuta. Magogo yaliondoka mazima. Hakuna aliyebakisha hata kibanzi cha benchi. Kwetu mulombwa bado iko, lakini wakata makaa wanaijua pia. Kwa kila muti tunaoangusha tunapanda miche. Tumepanda, mbuzi wamekula nusu. Tutapanda tena, na mara hii tutazungushia miiba.

Nafika kwenye jambo lililotuletea ugomvi.

Wakati wa kampeni, mutu mumoja aliyekuwa anatafuta kiti (kiti kingine, si cha mbao) alichukua video yetu ya zile benchi arobaini na moja. Akaondoa sauti yangu, akatia muziki, akatia picha yake mwanzo na mwisho, na maneno: zawadi ya fulani kwa watoto wa Mulongo. Hakuwa ameleta hata musumari. Na watu waliamini. Mama mumoja alinisimamisha sokoni kuniambia nimushukuru yule bwana kwa niaba yake.

Vijana wetu walitaka kwenda kupiga kelele kwake. Tulikataa. Tulitoa tu video ndefu, tangu mwanzo, na tarehe, na sauti ya direktere akihesabu benchi moja moja, na mwisho tukamualika yule bwana kwa heshima aje juma mosi na musumeno. Hakuja. Lakini tuliona wazi: kitu kisicho na alama, kila mutu anakiita chake.

Kwa hiyo tulitengeneza chuma cha moto. Sasa kila benchi inayotoka mikononi mwetu ina alama ya kuchomwa chini ya ubao wa kuandikia: DENI, na namba. Tulitaka kuandika maneno marefu mazuri, lakini nondo tuliyokuwa nayo ilitosha herufi nne. Namba inalingana na daftari. Ndani ya daftari kuna ubao ulitoka wapi, misumari ngapi, nani alifanya kazi, Muzee alilipwa kiasi gani.

Sababu ya neno lile ni hii. Ndani ya mwendo wetu kuna ndugu mumoja, ninamuheshimu sana, ambaye alisimama na kusema: «Kila musumari munapiga, munaondoa kilio kimoja. Serikali itasema: si munaona, benchi ziko!» Alikumbusha kwamba wakubwa wetu wa LUCHA kule Goma, mwaka wa 2012, hawakuanza kwa kuchimba visima, walianza kwa kuuliza maji yako wapi. Na alisema kweli. Kazi ya raia ni kuuliza. Tukijifanya serikali ndogo bila makuta, tutachoka, na serikali kubwa itapumzika.

Nilimujibu kwamba mutoto wa mwaka wa sita akimaliza akiwa amelala tumbo, hata tukishinda kesho kutwa, yeye hatarudi kuikalia. Akanijibu kwamba hilo njo neno lile lile ambalo kila mutu wa musaada analisema. Tulibaki pale. Miye mpaka leo sina jibu safi, na yeye hana, na kila juma mosi anakuja kusaidia kubeba mbao huku akinung'unika.

Tulichosikilizana ni kwamba hakuna benchi bila fakitire. Benchi za kutengeneza upya, arobaini na moja, kwa franka 6,000 kila moja: 246,000. Benchi mpya kumi na mbili, kwa franka 38,000: 456,000. Jumla franka 702,000, mikono yetu siye hatukuihesabu. Tuliiandika vizuri, na namba za DENI zote, na kifungu cha 43 pale juu, tukaipeleka kwenye ofisi inayohusika.

Mutu wa meza alisoma, akacheka. Akasema raia hawezi kuiandikia serikali fakitire. Tulimuambia hatuombi alipe leo, tunaomba muhuri kwenye kopi yetu, kwamba barua imefika. Akakataa. Tukarudi juma lililofuata, mukubwa hayuko. Tukarudi mara ya tatu, tukiwa wengi kidogo, bamama wa wazazi mbele, tukaikala chini ya ukuta bila kelele. Watoto watatu walikuwa na daftari, wakaanza kuandika masomo yao pale sakafuni, wakilala tumbo sawa walivyozoea. Hatukuwafundisha. Walikuwa na masomo ya nyumbani tu.

Muhuri ulipigwa kabla ya saa sita.

Franka hazijaja, tusidanganyane. Lakini ile kopi yenye muhuri iko, na picha yake iko kwenye ukurasa huu wa mwendo. Juu yake tutaweka swali la pili. Kuna ile programu ya maendeleo ya teritware 145, ambayo inatia ndani shule, vituo vya afya na nyumba za utawala, na Malemba-Nkulu ni mojawapo ya zile 145. Tunauliza kwa heshima, kwa maandishi: kwa teritware yetu ni shule ngapi zimepangwa, wapi, na kila moja na benchi ngapi? Tunaomba karatasi, siyo hotuba. Nani anajua kuandika Kifaransa cha ofisi bila makosa anione baadaye, miye nakosea kosea herufi.

Kuhusu video, maana vijana wengine wameniandikia wakitaka kuanza zao, kule Kabalo na hapa hapa: anzeni. Telefone juu ya kopo, saa kumi ya jioni mwanga ni muzuri, dakika moja inatosha. Lakini usionyeshe kitu siku umekimaliza. Ngojea kitumike kwanza, kikaliwe, kinyeshewe. Miye sasa nangojea miezi mitatu. Na kikivunjika, onyesha kwa haraka kuliko ulivyoonyesha kikiwa kizima.

Yule mutoto wa mukono, wengi wananiuliza. Yuko muzima, kovu liko. Anaikalia benchi DENI 3, na nimeambiwa hataki kuhamishwa, juu ya ndiyo haitikisiki. Kila nikipita anaitikisa makusudi, ananiangalia.

Basi, juma mosi. Mbao zilizo chini ya muembe wa direktere zimekauka, Muzee amezigonga jana. Tunajenga sita. Tuna randa moja, nyundo tatu, patasi mbili, moja imevunjika mupini. Musumeno tulioazima mwenyewe ameurudisha kwake, anavua mitego ya samaki na anauhitaji. Nani hapa ana musumeno nyumbani? Wewe? Wa meno makubwa ao madogo? Basi andika jina lako pale kwa mama mwalimu, na tufike saa kumi na mbili na nusu, kabla ya jua.